Dume changa la kondoo: kupima korodani, kupaka ngeu (udongo mwekundu wa rangi), au kusubiri wanakondoo?

Longido_Mfugaji: Wakuu, nina madume wawili, chotara wa Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai, wametimiza mwaka. Nabakiza mmoja wa mbegu. Jibu la kweli ni wanakondoo, lakini mimba ni miezi mitano. Dume akiwa bovu, msimu umekwenda. Mnawapimaje?

DaktariWaMifugo: Anza na futi ya fundi cherehani. Shusha korodani zote mbili chini ya mfuko, zungusha futi penye unene zaidi. Umri huo usikubali chini ya sentimita 30. Kisha papasa: zilingane, ziwe ngumu kiasi, zicheze mkononi. Ukikuta uvimbe kule chini, au moja imesinyaa, mtoe. Brusela ya kondoo, ugonjwa wa bakteria unaoharibu uzazi, huacha alama hapo hapo. Tazama na miguu ya nyuma, ndiyo inayobeba kazi.

MamaKajiado: Daktari, futi haioneshi hamu. Kuna dume mwenye korodani nzuri kabisa, anamnusa jike mwenye joto (anayetaka dume) kisha anarudi kula majani. Sisi tunachanganya ngeu na mafuta, tunampaka kifuani. Jike aliyepandwa anabaki na wekundu juu ya mkia. Baada ya siku 17 tunabadilisha rangi, kwa kuwa joto hurudi kwa mzunguko huo. Wengi wakipata rangi ya pili, ujue anapanda ila hashikishi mimba.

Longido_Mfugaji: Nikiwaachia pamoja, kila mmoja na rangi yake?

MamaKajiado: Usithubutu kaka. Mbabe atamfukuza mwenzake, utamhukumu bure. Tenga makundi, kila dume majike 15 hadi 20, waliokwisha kuzaa.

Monduli_Juu: Na mfanye mapema. Mbegu huchukua kama wiki 7 kutengenezwa, kwa hiyo homa ya mwezi uliopita inaharibu upandishaji wa leo. Mimi napima miezi miwili kabla, dume akiwa na mwili wa wastani, mbavu unazigusa bila kuziona.

Longido_Mfugaji: Nimepima jioni hii: mmoja 32, mwingine 28. Huyu wa 28 ni pacha, mwili mdogo, lakini mama yake huzaa mapacha karibu kila mara. Roho inaniuma kumhasi.

DaktariWaMifugo: Usimhasi bado. Korodani hukua na mwili. Mpe dawa ya minyoo, mlishe vizuri, mpime tena baada ya miezi miwili. Akivuka 30, mpake ngeu kama mwenzake. Akibaki chini ya 30, mhasi umnenepeshe.