Naomba ushauri: Herbst niite vuli?

Ndugu zangu mnaokijua Kijerumani, habari zenu. Natafsiri kalenda ya bustani, nimekwama. Neno Tagundnachtgleiche (siku ambayo mchana na usiku hulingana) halikunisumbua: ukilikatakata unapata mchana, na, usiku, usawa. Raha tupu. Frühling (majira ya kuchipua) nalo limetokana na früh, yaani mapema.

Shida ni Herbst, yaani majira yaliyo kati ya yale ya joto na yale ya baridi. Asili yake ni kuvuna, na kusini-magharibi mwa Ujerumani kuvuna zabibu bado huitwa herbsten. Kamusi inanipa "vuli", lakini vuli yetu ni mvua! Nikajaribu "majira ya mavuno", mhariri akasema wasomaji watafikiria mpunga.

Je, nibaki na vuli halafu niongeze maelezo? Na Lenz, lile jina la zamani la Frühling lenye asili ya siku kurefuka, linatumika nje ya mashairi?