Kompyuta ndogo ya mezani inajizima yenyewe: nibadilishe pawa saplai au niiache?

Mhariri wa Buzuruga aliuliza:

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Ninahariri video za harusi na sendofu hapa Buzuruga, na mashine ninayoitegemea ni Dell OptiPlex 9020 ya kesi ndogo, yaani SFF, yenye prosesa ya i5-4590, RAM ya GB 16 na SSD moja. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Lebo ya pawa saplai yake, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme, inaonyesha wati 255. Nataka kuongeza kadi ya grafiki ya GTX 1650 fupi kwa kimo (low profile) ili kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kusinichukulie usiku kucha, na muuzaji mmoja mjini ameniambia kwamba kwa kadi hiyo ni lazima ning'oe pawa saplai ya asili na kufunga ya wati 600 anayoiuza kwa bei nafuu. Isitoshe, hata sasa kabla sijaongeza kitu chochote, kompyuta hujizima na kujiwasha tena, hasa jioni. Je, wati ndizo hazitoshi? Naomba ushauri wa mtu aliyezifungua mashine hizi kwa mikono yake, kwa maana nina kazi za wateja na siwezi kuhatarisha mashine hii.

Fundi wa Mtaa wa Rufiji alijibu:

Ndugu yangu, usinunue hiyo ya wati 600 mpaka umesoma haya. Pawa saplai za kawaida za ATX zina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86, na kesi yako yote ina unene wa sentimita 9 na ushei, kwa hiyo haitaingia hata ukiilazimisha. Pili, kichwa cha waya kinachokwenda kwenye mazabodi yako, ile bodi kuu ya kompyuta, kina pini 8, wakati pawa saplai ya kawaida ina kichwa cha pini 24. Zipo adapta za kuunganisha viwili hivyo, lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa, kwa sababu mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na adapta ya HP ukiichomeka kwenye Dell unaweza kuua bodi papo hapo.

Kuhusu wati zenyewe, tupige hesabu. Prosesa yako imekadiriwa wati 84 na GTX 1650 ni wati 75, jumla 159. Ukiongeza bodi, RAM, SSD na feni, utafika karibu na 200. Kwa hiyo 255 za kweli zinatosha, ingawa kwa nafasi finyu. Nasema za kweli kwa makusudi, kwa sababu nimeziona pawa saplai za bei ya chini zilizoandikwa 600 kwa herufi kubwa, lakini ukisoma safu ya volti 12 kwenye lebo unakuta ampea 16 tu. Zidisha 12 kwa 16 upate wati 192, na volti 12 ndizo zinazolisha prosesa na kadi. Hiyo ingekuwa hasara mara mbili, kwani ungetoa kitu kizuri na kuweka kibovu.

Ukishawishika kuchukua kadi inayodai waya wake wa pini 6, usikubali mtu akuunganishie kutoka kwenye kichwa cha umeme cha diski ya SATA. Kichwa hicho kinaruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54, ilhali pini 6 za kadi zinaweza kudai 75. Plastiki huanza kuyeyuka taratibu, na mwenye mashine hugundua akisikia harufu.

Kadi ninayokushauri ni NVIDIA T600, au T400 kama bajeti ni ndogo. T600 hula wati 40 na T400 wati 30, zote ni fupi, zinakaa kwenye sloti moja tu, tena zina sehemu ya kusimba video (encoder), inayoandika faili la video haraka, ambayo ndiyo unayoihitaji wewe. GTX 1650 fupi nyingi hufunika sloti mbili, na ndani ya kesi hiyo nafasi ni ya kubanana. GT 1030 usiichukue kwa kazi yako, haina sehemu hiyo ya kusimba.

Mwenye Stesheneri, Sengerema alijibu:

Fundi amemaliza suala la kadi. Mimi naomba tulitazame hilo la kujizima jioni, kwa kuwa ofisini kwangu tulihangaika nalo sana. Pawa saplai isiyo na hitilafu hushikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 hadi 17 umeme ukikatika, na kwa umeme wetu wa hezi 50 mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Maana yake ni kwamba umeme ukipotea kwa muda ambao jicho halioni, kompyuta tayari imeshaanguka, na kapasita, yaani vihifadhi umeme vya ndani yake, zikizeeka hata muda huo hupungua. Kaka, hebu angalia kama taa za chumba hufifia wakati mashine inapojizima. Angalia pia swichi nyekundu ya kuchagua volti nyuma ya pawa saplai kama ipo. Ikisomeka 115, usiiwashe kwenye 230 hata kidogo, kwani mashine zilizotoka Marekani wakati mwingine huja hivyo.

Mhariri wa Buzuruga alijibu:

Nawashukuru sana, dada na fundi. Swichi haipo, na lebo inasema 100 hadi 240. Nimebonyeza kile kitufe kidogo cha majaribio nyuma ya pawa saplai, taa ikawaka kijani. Kuhusu taa za chumba, dada umelenga penyewe: ekstensheni ya kompyuta ndiyo hiyo hiyo inayolisha friji ya soda ya duka la jirani, na jana jioni nilikaa nikaitazama. Friji iliponguruma kuanza, balbu ilinywea, na kompyuta ikazima sekunde ile ile. Je, nikihamisha waya inatosha, au bado ninahitaji UPS, ile betri ya akiba?

Fundi wa Mtaa wa Rufiji alijibu:

Fanya yote mawili, ukianza na kuihamishia kompyuta kwenye soketi ya ukutani peke yake. Ikikaa siku kadhaa bila kujizima, umepata jibu la kujizima kwake bila kununua kitu. UPS bado utaihitaji ukiwa unarenda, kwa kuwa umeme ukikatika katikati, faili ya video hubaki nusu. Ukiweza, chagua inayotoa umeme wa wimbi laini (pure sine wave), maana pawa saplai zenye marekebisho ya kisasa ya mkondo (active PFC) wakati mwingine huikataa UPS ya wimbi la ngazi na kuzima pale pale inapobadili kwenda kwenye betri. Ijaribu dukani ukiwa na mashine yako, wang'oe plagi ya ukutani mbele yako.

Kitufe cha majaribio kikiwaka kijani ujue tu kwamba pawa saplai iko hai, hakipimi nguvu yake ikiwa imebebeshwa mzigo. Ikiwa mashine itaendelea kujizima kwenye soketi safi, hapo tutaishuku, na dawa itakuwa kutafuta nyingine ya asili ya wati 255 ya modeli hiyo hiyo. Usiifungue ndani ili kubadili kapasita mwenyewe, kwani ile kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Vumbi lipulize kwa nje kupitia matundu, huku umeizuia feni kwa kijiti isizunguke.

T600 hutoa picha kwa matundu ya mini DisplayPort, kwa hiyo kama skrini yako ni ya HDMI nunua na adapta siku hiyo hiyo, na umkumbushe muuzaji akupe kile kibati kifupi cha nyuma, la sivyo kadi haitakaa kwenye kesi.