Ukoo wa Babu Mpishi

Neema (Bukoba): Shikamooni wakubwa. Jana nimepita pale hoteli ya ufukweni alikokuwa anapika Babu. Wameimaliza! Baraza la mbele limerudi na nguzo zake zilezile. Juu ni vyumba selfu, na viwili vina sebule yake kabisa, unafungua dirisha unaona ziwa lote. Chumba cha kulia kimeanza kazi wiki iliyopita. Naomba miaka 85 ya Bibi tuifanyie pale mwezi wa 11, tuachane na ule ukumbi wa Mwanza.

Shangazi Leokadia: Marahaba mwanangu. Picha zimenitoa machozi. Lakini nyumba ile si ilipasuka kwenye tetemeko? Mama yangu simlazi chini ya ukuta uliopasuka halafu ukapakwa rangi.

Baba Mdogo Deo: Dada, hilo niachie mimi, nimeshinda pale na mafundi miezi minne. Tetemeko la 10 Septemba 2016, lile la 5.9, liliacha ufa mmoja mkubwa kwenye kona ya jikoni. Ila nyumba ilikuwa inaumwa kabla ya hapo, na kilichoiumiza ni saruji. Kuta zake ni mawe na chokaa. Baadaye mtu akaja akapiga plasta ya saruji nje ipate kuonekana mpya. Ukuta wa chokaa ukilowa unatoa unyevu wenyewe. Ukiuvika saruji, maji yanabaki ndani. Na Bukoba mnaijua, mvua milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Boriti za sakafu ya juu zilikuwa zimeoza pale zinapoingia ukutani, unachomeka kidole kinazama.

Kito: Mkafanyaje Baba Mdogo?

Baba Mdogo Deo: Tulibandua saruji yote kwa patasi, pole pole, jiwe lisivunjike. Chokaa tuliilowesha shimoni wiki nyingi mpaka ikawa laini kama siagi. Ndoo moja ya chokaa, tatu za mchanga. Tabaka jembamba, unafunika magunia yaliyolowa, unasubiri, ndipo unapiga jingine. Chokaa haitaki haraka, inavuta hewa taratibu ndiyo inageuka jiwe. Kijana mmoja alitaka kutia saruji kidogo ili tuwahi, nikamkatalia mbele ya mwenye nyumba. Ule ufa tumeushona kwa mawe marefu yanayoshika pande zote mbili. Mama alale pale bila wasiwasi. Mimi mwenyewe nitalala chumba cha jirani.

Shangazi Leokadia: Basi moyo umetulia. Ahsante mdogo wangu.

Kito: Safari je? Meli inaondoka Mwanza jioni, asubuhi mko Bukoba.

Shangazi Leokadia: Kito, Bibi yako hajakanyaga meli tangu 21 Mei 1996. MV Bukoba ilichukua watu wake. Usimtajie.

Kito: Nisameheni Shangazi. Sikujua kama ndiyo sababu.

Neema: Mje kwa basi. Siku hizi Kigongo mpaka Busisi ni daraja tu, kilomita 3.2, hakuna tena kusubiri kivuko na mzee juani.

Shangazi Leokadia: Hilo sawa. Chakula?

Neema: Hapo ndipo sikufurahi. Orodha yao ni chipsi, kuku, makaroni. Ndizi hakuna! Hoteli ya Bukoba haina ndizi! Nimeongea na mpishi, dada mmoja msikivu sana, amekubali kutupikia ndizi na maharage, sato wa kuchoma, na senene, maana Novemba ni msimu wake. Kahawa ya kutafuna nitaleta mwenyewe.

Shangazi Leokadia: Nimemsomea Mama yote haya. Nawaandikia alivyosema, neno kwa neno: "Nimeolewa 1958. Kila Jumamosi nilikuwa nampelekea mume wangu aproni zilizofuliwa, nasimama mlango wa jikoni. Ananipa kahawa, nakunywa nimesimama, naondoka. Chumba chao cha kulia sijawahi kukiona. Nikifika, msinipandishe kwanza juu. Nipitisheni jikoni nione mahali pake, ndipo twende mezani."

Kito: 😭😭 Bibi jamani.

Neema: Chumba cha chini kipo, nimekishika kwa ajili yake na Shangazi. Sisi wengine tutapanda juu.

Baba Mdogo Deo: Mlango wa jikoni hatukuubadilisha. Ni uleule wa mvule, tumeupiga randa tu na kutia mafuta. Ila una ngazi tatu na hazina pa kushika. Jumatatu naenda kumwomba mwenye nyumba niweke mkono wa mbao upande wa kulia. Dada, nipimie urefu wa Mama mpaka kiunoni, unitumie leo.