Mjadala: Punguzo la kadi na lipa namba, nani hasa analilipia?

Mtoa mada (Moshi)

Wakuu, salaam. Tangu Septemba 2025, huku Bara, mnunuzi asiyesajiliwa kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, akilipa kwa benki au kwa mfumo wa kielektroniki anatozwa kodi hiyo kwa asilimia 16. Anayetoa noti mfukoni amebaki na 18 yake. Bidhaa ya 100,000 kabla ya kodi, huyu anaondoka nayo kwa 116,000 na yule kwa 118,000, kwenye duka lile lile. Ongeza hapo bahati nasibu za benki kwa wanaotumia kadi, pointi za maduka makubwa, na simulizi za ndugu zetu walioko Marekani wenye kadi za mkopo zinazowarudishia asilimia 1 au 2 ya kila wanachonunua.

Msimamo wangu nautoa mapema: nyingi ya zawadi hizi si akiba. Kuna mtu ameshazilipia, na mara nyingi ni yule asiye na kadi. Punguzo ninaloliamini ni la kaunta, linalokatwa pale pale kwa kila aliyesimama kwenye foleni. Nipingeni.

Mangi wa Majengo

Mimi hiyo 16 naisikia redioni tu. Anayelazimika kusajiliwa VAT ni mwenye mauzo ya kuanzia milioni 200 kwa mwaka, na kiduka changu cha sukari na vocha kitazifikia lini? Mahindi, maharage na mboga mbichi za Mbuyuni hazina VAT kabisa. Sasa mnaponiambia serikali imemshushia bei mwananchi, mnamzungumzia mwananchi anayenunua wapi?

Halafu mnatulaumu kwa "ongeza na ya kutolea". Mteja akinilipa kwa simu, yeye kamaliza. Mimi nina salio ambalo muuzaji wangu wa jumla halitaki, anataka noti. Nikienda kwa wakala nakatwa. Kwenye pakiti ya chumvi faida yangu ni ndogo kuliko makato. Si uchoyo, ni hesabu.

Mhasibu, Njiro

Mangi, hesabu yako na ya kampuni za utalii hapa Arusha ni moja, tofauti ni idadi ya sifuri tu. Mgeni wa Chicago akilipia safari ya Serengeti kwa kadi ya mkopo, hela haifiki nzima. Benki yetu inakata ada ya mfanyabiashara. Ndani ya ada hiyo mna fungu la mtandao, Visa au Mastercard, na mna fungu nono linalorudi kwa benki iliyompa mgeni kadi. Humo ndimo benki yake inamochota ile asilimia moja au mbili ya kumrudishia, na yeye anafurahi kwamba kadi yake "inamlipa". Wamarekani wamezoea mchezo huu tangu kadi ya Discover ilipouanzisha mwaka 1986.

Ndiyo maana kampuni nyingi mjini zinaweka nyongeza ya asilimia kadhaa kwenye ankara ya anayelipa kwa kadi. Wageni hununa. Mimi naona hiyo ndiyo ankara yenye ukweli kuliko zote, kwa sababu aliyesababisha gharama ndiye anayeiona.

Kijana wa Sombetini

Kumbe mtalii anapewa zawadi na Arusha, kisha anatuachia tipu kwa dola iliyochakaa ambayo benki inaikataa. Sawa.

Mtoa mada

Mhasibu umenisaidia. Na pale ambapo nyongeza haionyeshwi, muuzaji anaiingiza kwenye bei ya wote. Wachumi wa Federal Reserve ya Boston, tawi la benki kuu ya Marekani, waliipigia hesabu mwaka 2010: kwa mwaka, kaya ya Kimarekani inayolipa keshi ilikuwa inawabebea wenye kadi wastani wa dola 149, na kaya yenye kadi ilikuwa inapokea dola 1,133 kutoka kwa wa keshi. Wenye kadi za zawadi kubwa ndio wenye kipato kikubwa. Maskini anamchangia tajiri nauli ya likizo, na hakuna aliyemwomba mchango.

Mwalimu wa Soweto

Kaka, hapo unavuta kamba kuja kwako. Hizo ni kadi za mkopo za Marekani. Kadi zilizo mifukoni mwetu, kwa walio wengi, zinakata hela yako mwenyewe iliyopo akaunti. Huwezi kuchukua jeraha la kule ukalifunga bendeji huku.

Na keshi nani kasema ni bure? Kuna noti bandia. Kuna kukabwa usiku ukitoka stendi. Kuna "chenji hakuna, chukua pipi mbili", ambayo ukiijumlisha kwa mwaka mzima ni kilo kadhaa za sukari. Mimi nalipa kwa simu panapokubalika, napata ujumbe, na mwisho wa mwezi naona hela ilikwenda wapi. Hiyo peke yake imeniokolea zaidi ya pointi zote.

Mnasahau pia kwamba zimewahi kuwapo zawadi zisizobagua. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha zao zilizowekwa benki. Mwenye salio dogo alipata kidogo, mwenye kubwa akapata zaidi, na hakuna aliyetakiwa kununua kitu ndipo apewe. Kwa hiyo usiseme zawadi zote ni ujanja. Uliza tu chanzo chake.

Mambo ya punguzo la duka, ni rahisi. Viatu vya shule vya Januari vikishushwa bei Oktoba, na mtoto anavihitaji, nimeokoa. Nikinunua sahani za kioo kwa sababu tu zimeandikwa nusu bei, nimetumia. Hapo hakuna mjadala.

Kijana wa Sombetini

Kwa wale wanaotamani kadi za mkopo, kaka yangu yuko Marekani na amenifungulia hesabu. Riba ya kadi zao siku hizi inapita asilimia 20 kwa mwaka. Chukulia umenunua vitu vya milioni moja: kwa asilimia 2 unarudishiwa 20,000. Ukishindwa kulipa deni lote, riba ya mwezi mmoja ni kama 16,700. Mwezi wa pili zawadi imekwisha na unaanza kuwalipa wao. Anayelipa deni lote kila mwezi bila kukosa ndiye anayekula. Na anayekula analishwa na nani? Na mwenzake anayechelewa.

Mama wa Mbauda

Pointi nazo zina tabu yake. Nakumatt, yale maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na matawi Moshi na Arusha, na ilikuwa na Smart Card yake ya pointi. Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe. Duka likifilisika, mwenye pointi asitegemee kukaa foleni ya mbele pamoja na mabenki. Wanangu, pointi zikifika kiwango cha kubadilishia unga, badilisheni unga.

Mzee wa Ushirika, Kibosho

Vijana, hili mnaloliona jipya lina umri kuliko mimi. Mwaka 1844 pale Rochdale, Uingereza, wafanyakazi walifungua duka lao la ushirika. Waliuza kwa bei ya kawaida ya soko, na mwisho wa kipindi ziada ikagawiwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Sisi huku tulipata KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika Kilimanjaro, mwaka 1933, na mkulima wa kahawa alijua malipo ya awali na malipo ya pili. Malipo ya pili hayakuwa zawadi ya mtu. Yalikuwa ni jasho lako linakurudia baada ya gharama kutolewa, na ulikuwa na haki ya kusimama mkutanoni ukauliza kwa nini ni madogo. Swali hilo liliulizwa sana, nawaambia, na majibu hayakuridhisha kila mara. Sasa niambieni, hizo pointi mkutano wake unafanyika wapi?

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Swali lako limefanya kazi kuliko takwimu zangu.

Kwa upande wa sera, Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo kwa lile fungu linalorudi kwa benki ya mteja: asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata hela iliyopo akaunti na 0.3 kwa za mkopo. Fungu likibanwa, zawadi zinapungua, na muuzaji anabaki na zaidi. Mimi ningeanzia hapo, kisha VAT iwe moja kwa wote.

Mwalimu wa Soweto

VAT moja kwa wote hawatakupa, kwa sababu hapo serikali haigawi zawadi, inanunua kumbukumbu. Muamala wa simu unaacha alama, noti haiachi. Asilimia 2 ndiyo bei ya hiyo alama, kwa sababu kampeni ya "dai risiti" peke yake haikutosha. Mimi naiona ni biashara halali. Lakini mteja ahakikishe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, imeandikwa 16, maana duka linaweza kupokea kwa simu likaacha bei ilivyokuwa.

Mhasibu, Njiro

Kama wananunua alama, wamlipe na anayeipokea. Mteja kapewa 2, Mangi kapewa makato. Na hatujasahau Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza: watu walirudi kwenye noti bila kuitiwa semina.

Mangi wa Majengo

Hapo dada umenena. Mimi sidai pointi wala bahati nasibu. Nipewe kutoa bure mara moja kwa siku, au muuzaji wa jumla akubali nimlipe kwa simu pasipo makato, na lile bango la namba lililolala chini ya kaunta nitalitundika mlangoni. Mpaka hapo, mteja wa chumvi aje na noti. Na chenji ninayo, Mwalimu, pipi nilishaacha.