MJADALA: Mchango wa doria msimu wa korosho, tunalinda njia au tunambana mnunuzi?

Mleta mada, Tandahimba

Wadau, salaam. Msimu umefika na kijijini tumeshatangaziwa: kila kaya itoe mchango wa doria au itoe kijana. Ukikaidi, faini. Mimi napinga, na mtaniita mtetezi wa wezi.

Tuangalie wizi wenyewe unavyokwenda. Korosho hazipandiwi mtini, zinaanguka na mabibo yake. Mwizi anawahi shambani alfajiri kabla yako, ananyofoa korosho na kuacha mabibo. Ukifika unayakuta yametapakaa chini ya mkorosho, mazima, yameshaanza kujaa nyuki, korosho hakuna. Jua halijapanda, mzigo uko kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa mkononi nje ya ushirika, anayelipa taslimu na haulizi shamba lako liko wapi. Doria yetu inazunguka usiku barabara ya kijiji, mashamba yako porini huko. Na huyo wa kangomba hajifichi, hata mtoto atakuonyesha mzani wake umening'inizwa wapi. Abanwe yeye. Mwizi akikosa pa kuuza, ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika, hataligusa, maana kule kuna majina na daftari.

Mkulima, Newala

Kaka, unaongea kama hujawahi kuishiwa. Salfa, dawa ya mikorosho, tunaitaka Mei na Juni, minada inaanza Oktoba, na baada ya mnada bado unasubiri hela. Katikati hapo mtoto anaumwa, nani anakukopesha? Wa kangomba. Ananipunja, najua, lakini yuko.

Halafu hilo la kubana lilishafanyika. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoamua kununua korosho kwa 3,300 kilo, jeshi likabeba mzigo, ukaja uhakiki wa kuwachuja watu wa kangomba. Wakulima wenye mashamba yao wakasota miezi wakisubiri malipo.

Mama wa Chikongola, Mtwara mjini

Nyie mnaongelea korosho, huku kwetu ni uraka, pombe ya mabibo. Mabibo yakianza kukamuliwa, ngumi zinaanza, na wanaopigwa zaidi ni wanawake majumbani. Doria haiingii huko, wanasema ni mambo ya ndani.

Mchango mimi nalipa, sina shida. Shida yangu ni vijana wenyewe. Walimkamata kijana wa bodaboda usiku kwa kuwa amebeba spika, wakamtandika fimbo hadi mkono ukavimba. Asubuhi mwenye sherehe akaja kusema ndiye aliyemtuma kuirudisha. Hakuna aliyeomba radhi. Ukiuliza nani alikuwa zamu usiku ule, kila mtu anatazama pembeni.

Mgambo mstaafu, Masasi

Mama yuko sahihi, ila tusitupe doria yote. Sungusungu, walinzi hawa wa kijiji, walianzia Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa kuwatambua. Kutambuliwa si ruhusa ya kupiga. Raia akimkamata mtu anatakiwa amfikishe polisi bila kuchelewa, basi. Zamani zamu yetu iliandikwa kwa mtendaji: majina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Siku hizi doria nyingi ni filimbi na rungu tu.

Mleta mada, Tandahimba

Ndugu wa Newala, hapo umenibana kweli. Nikisema kangomba ife bila AMCOS kuwa na mkopo wa dharura, nawaumiza wenye njaa kwanza. Basi nirekebishe: mchango huu huu wa doria nusu yake iwe mfuko wa kukopeshana wakati wa salfa, na anayenunua korosho mkononi aandike jina la muuzaji na shamba kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mkulima, Newala

Aandike? Kununua kwenyewe ni kosa, nani atajiandikisha kwenye kosa lake? Huo mfuko ndio nauelewa. Lakini funguo za sanduku atashika nani? Maana mchango wa mwaka jana hapa kwetu hatujasomewa mapato na matumizi mpaka leo. Watu wa Nachingwea na Liwale, kwenu unasomwa mkutanoni?