Naomba ushauri: kopo la biskuti la marehemu baba, limejaa negativu na picha za safari ya Pemba

BintiMichenzani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, huu mwaka wa tatu. Juzi dari lilivuja, mama akanituma nishushe vitu vilivyokuwa juu ya kabati, nikakuta kopo la biskuti la bati, lile la mviringo. Ndani mna negativu zilizokatwa vipande vipande, picha za rangi kama sitini, na albamu moja ya zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu.

Baba alikuwa mwalimu. Miaka ya 80 alihamishiwa Pemba, na mama akenda naye akiwa na kaka yangu mchanga. Mimi sijazaliwa. Picha hizi ni za safari ile, na ndani ya nyumba yetu hakuna aliyewahi kuziona zote pamoja.

Hali yake inanitisha. Picha za rangi zimegeuka nyekundu nyekundu, kumi hivi zimegandana. Baadhi ya negativu zina utando mweupe, nadhani ni kuvu. Nilipofungua kopo ilinipiga harufu ya siki, kali hasa. Nianzie wapi bila ya kuharibu zaidi?

La pili, safari yenyewe siielewi. Mama anakumbuka kwa vipande. Anasema walishuka bandari ya Mkoani alfajiri, halafu anaruka moja kwa moja hadi msimu wa karafuu. Nyuma ya picha hakuna maandishi, isipokuwa moja tu, kwa mkono wa baba: "Hapa mtoto alilala." Ukiigeuza unaona gari la mbao limesimama chini ya mwembe. Mtoto hayumo. Mama hakumbuki kitu. Mimi nadhani ni Mkoani, walipotoka melini.

La tatu ndilo linaloniliza. Nilitaka kuziweka mtandaoni ili jamaa walioko mbali wazione na wanaojua sehemu watuambie. Ami yangu amekataa kabisa, anasema mna wanawake vichwa wazi na watu waliokwisha kufa. Sitaki kumvunjia heshima, na sitaki picha zirudi juu ya kabati. Nifanyeje?

FundiPicha

Waalaykum salaam. Dada, kabla ya lolote zitoe ndani ya hilo kopo leo. Harufu ya siki ni ya filamu yenyewe inayooza. Plastiki yake ni asetati, na joto pamoja na unyevu huivunja ikatoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki. Asidi hiyo ikifungiwa huozesha na vipande vya jirani, kwa hivyo bati lililofungika vizuri, ambalo sisi tuliliona ndiyo ulinzi, ndilo baya zaidi. Vinavyonuka vitenge na visivyonuka. Kila kipande kitie bahasha yake ya karatasi safi, uziweke chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopata mvua. Vinavyonuka ndivyo uanze kuviskani, kwa sababu uozo ule haurudi nyuma.

Wekundu usikuvunje moyo. Rangi za karatasi za zamani hazichujuki sawasawa, ile ya samawati hutangulia na wekundu hubaki. Programu nyingi za skana zina kitufe cha kurudisha rangi na husaidia sana. Tena picha ikiwa na negativu yake, skani negativu. Mara nyingi mle mna rangi na uwazi ambao karatasi haikuwahi kuonyesha.

Tafuta skana ya mezani yenye taa kwenye mfuniko, maana ya kawaida ya ofisini haipitishi mwanga ndani ya filamu. Negativu ya milimita 35 iskani kwa nukta 3200 kwa inchi, utapata picha ya pikseli kama 4500 kwa 3000. Picha za karatasi nukta 600 zinatosha. Kama skana huna, weka negativu juu ya kioo kilichoinuliwa kidogo kutoka skrini nyeupe ya tableti, upige kwa simu kisha ugeuze rangi. Kuinua ni muhimu, bila ya hivyo utapiga na vidoa vya skrini. Hiyo ya simu ni ya kutambua nani ni nani, usiifanye ndiyo nakala ya kuweka.

Albamu ya gundi: kabla hujabandua hata moja, piga picha kila ukurasa kama ulivyo. Mpangilio ule aliupanga baba yako. Kisha pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama unakata sabuni. Isiyotaka kutoka iache, iskani palepale. Na zile zilizogandana usizivute.

Kipupwe

Naongeza moja tu: USIFUTE KUVU KWA MAJI. Nilifuta picha ya harusi ya wazazi wangu kwa kitambaa kilicholoa, uso wa mama ukabaki kwenye kitambaa. Kuvu hula ule utomvu wa juu unaobeba picha, ukigusa maji unayeyuka. Ziache zikauke pahala penye hewa, kisha brashi laini kabisa, na wewe ufunge pua na mdomo.

MwanaWete

Dada, hilo gari la mbao lina namba mbele? Angalia vizuri kwa kioo cha kukuzia.

BintiMichenzani

Shukrani nyote, kopo limeshatoka na nyumba nzima inanuka achari. MwanaWete, ipo namba, imefifia. Naona 6.

MwanaWete

Basi hapo si Mkoani. Gari za Mkoani–Chake zilikuwa namba 3. Namba 6 ni Chake–Wete, na za Konde zilikuwa 35. Gari namba 6 haiteremki Mkoani hata kidogo. Wazee wako walishafika Chake wakabadilisha gari. Picha hiyo imepigwa baina ya Chake na Wete, na barabara ile ya zamani kwa milima na kona zake, gari kusimama chini ya mwembe lilikuwa jambo la kila siku.

MwalimuMstaafu

Mwanangu, Mungu amrehemu mwenzetu. Na mimi nilipelekwa Pemba miaka hiyo, naijua safari hiyo kwa mgongo wangu. Ulikuwa unapanda meli Malindi, bandarini Unguja, jioni na mkeka wako, mnalala sitahani, mama na watoto upande mmoja. Mkondo wa Pemba una kina kirefu na mawimbi yake hayana mchezo. Watu walinusa ndimu usiku kucha. Ukifika Mkoani kumekucha, miguu bado inayumba, na bado una gari mbili mbele yako.

Halafu, ukifika wakati wa karafuu, Pemba yote hunukia. Majamvi yametandazwa mbele ya nyumba, kando ya barabara, pahala popote penye jua. Usiku watu hukaa wakachambua, karafuu huku, makonyo (vile vijiti vyake) huku, hadithi juu yake. Wachumaji hulipwa kwa pishi. Muulize mama yako kuhusu kuchambua, usimuulize mwaka wala tarehe. Mikono yake inakumbuka. Mpe hata karafuu chache anuse huku anatazama picha, na uwashe simu irekodi.

BibiWaNgambo

Mimi niko upande wa ami yako, na naomba unisikilize mwanangu. Picha ya mwanamke aliyepigwa ndani, baina ya wanawake wenziwe, alikubali kupigwa kwa sababu alijua itabaki ndani. Mtandao haukuwepo akaukubali. Usiseme "kisha kufa". Stara yake haikufa. Lakini si haki pia ziozee kabatini. Zigawe mafungu mawili, la nyumbani na la nje, na anayegawa awe mama yako pamoja na ami, si wewe. Nenda kwa ami na karatasi ya picha mkononi, ukae chini, umuombe akwambie kila mtu ni nani. Nina hakika kubwa hajaombwa hilo. Watu hukataa jambo waliloletewa limeshaamuliwa.

Kipupwe

Bibi kasema kweli tupu. Picha za nje, za majengo na bandari, naona zitolewe nakala kwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Una picha yoyote ya mjini?

BintiMichenzani

Ipo moja, imepigwa kutoka melini, Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la zamani la mjini Unguja, na mnara wake wa saa, jua linatua.

Kipupwe

Itunze kama roho. Jumba lile la 1883, sehemu kubwa ya mbele na mnara viliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kila picha ya zamani inayoonyesha upande ule ina kazi.

FundiPicha

Nakala toa, negativu zibaki kwenu. Na usimkabidhi mtu mkanda wote kwa pamoja "akakuskanie". Mimi nilimpa mtu mikanda ya babu, haikurudi. Kaa naye mpaka amalize.

Halafu nimekumbuka jambo kuhusu safari. Tazama ukingo wa negativu, penye vitundu. Mna tarakimu ndogo, 1 mpaka 24 au 36. Vipange vipande vyako kwa tarakimu hizo, utapata safari kwa mfuatano alioupiga baba.

BintiMichenzani

Nimerudi baada ya wiki mbili, samahanini kwa kuchelewa.

Nilikwenda kwa ami kama alivyoniusia BibiWaNgambo. Nilikaa kutoka alasiri mpaka isha. Kazitaja sura zote, hata watoto waliosimama nyuma ya uzio. Fungu la nyumbani ni picha 41, zitabaki nyumbani. Kumi na tisa ameziruhusu, na ya Beit al Ajaib kasema mwenyewe ipelekwe Kilimani.

Negativu nilizipanga sakafuni kwa tarakimu. Namba 9 ni mnara wa saa. Namba 10 ni giza tupu, pengine sitahani. Namba 11 gati ya Mkoani, watu na mizigo vichwani. Namba 12 ni lile gari namba 6. Na 13 imeshakuwa karafuu kwenye majamvi, maana yake baba alikaa na mkanda uleule kwa miezi, alikuwa akizihesabu.

Nilimuwekea mama karafuu kiganjani, nikamuonyesha 10, 11, 12 kwa mfuatano. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: "Huyu alilia kutoka Malindi." Kaka yangu alilia usiku wote melini, akalia Mkoani, akalia ndani ya gari mpaka Chake, na homa juu. Wakapanda gari la Wete, analia. Njiani gurudumu likapasuka. Lilipozima tu injini, chini ya mwembe, mtoto akanyamaza, akalala. Walipomaliza kubadilisha gurudumu, dereva akataka kuondoka, mzee mmoja abiria akamwambia, "Ngoja, bwana, mtoto kalala." Wakangoja. Gari zima, watu na mizigo yao, na mama anasema hakuna aliyenung'unika. Baba akateremka na kamera.

Kaka yuko Muscat. Nimemtumia jana, kama dokumenti ili isipungue ubora, pamoja na sauti ya mama. Hajajibu kwa maandishi. Alipiga simu saa nane za usiku, akataka kuzungumza na mama.