Tupeane uzoefu: Mliojifunza wenyewe kuchora sura za watu kwa vifaa vya bei nafuu, weusi mliupataje?

Mwanzisha mada, Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi sikusomea uchoraji mahali popote. Nilianza mwaka 2016 baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa na penseli moja ya HB iliyobaki kwenye mkebe wa hisabati, na karatasi zangu zilikuwa migongo ya mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Mtu wa kwanza kukubali kunikalia nimchore alikuwa mama mmoja jirani yetu anayeuza vitumbua, mweusi wa kung'aa ambaye mtaa mzima humsifia ngozi. Kazi ilinichukua siku nne. Nilipompelekea picha aliitazama kwa muda, akanirudishia, akasema: "Mwanangu, macho ni yangu na pua ni yangu, lakini umenichubua."

Waliokuwapo walicheka, nami nikacheka nao, ila usiku nilikaa na ile karatasi nikaona kwamba mama amesema kweli, kwa sababu uso wote ulikuwa na rangi ya majivu. Nilidhani kasoro ni ya mkono wangu tu, kumbe nusu yake ilikuwa ya penseli. Kile tunachokiita risasi ya penseli si risasi hata kidogo. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kadiri udongo unavyozidi ndivyo penseli inavyokuwa ngumu na alama yake kufifia. HB iko katikati. Herufi B ikitanguliwa na namba, kama 2B, 4B au 6B, basi jinsi namba inavyopanda ndivyo penseli inavyokuwa laini na kuacha weusi mzito. Mimi nilikuwa nikiikandamiza HB mpaka karatasi inachimbika, na weusi hauji. Nilipopata fedha nilikwenda Kariakoo nikanunua penseli mbili tu, 2B na 6B, nikaiacha seti ya penseli 12 niliyokuwa nikiitamani, na mpaka leo sijaihitaji.

Hata hivyo, penseli mpya haikunivusha peke yake, maana utaratibu wangu nao ulikuwa mbovu. Nilikuwa naanza na mstari wa nje wa uso, kisha natia kivuli kidogo kidogo kwa woga, nikitoka kwenye weupe wa karatasi kwenda gizani, na kabla sijafika gizani kwenyewe nasimama. Masomo ya video niliyoyatazama kwenye simu ya kaka yangu yalikuwa karibu yote ya sura za Wazungu, ambako karatasi nyeupe tayari ni ngozi na mchoraji anaongeza vivuli tu. Kwa sura zetu ngozi yenyewe ni ya kujengwa. Siku hizi natafuta kwanza mahali peusi kuliko pote, mara nyingi matundu ya pua, mboni za macho na mstari ambapo midomo inakutana, natia hapo 6B kwa nguvu yake yote, halafu kila sehemu nyingine naipima kwa kuilinganisha na hapo. Kisha naufunika uso mzima kwa kivuli cha wastani, na mwanga wa paji la uso, wa shavu na wa ncha ya pua nautoa kwa kifutio nilichokichonga kwa wembe. Mwanga juu ya ngozi nyeusi huwa mdogo na mkali. Ukiuweka nje ya mahali pake, sura inakuwa ya kinyago.

Hilo ndilo langu. Ninyi wengine mliojifunza wenyewe, weusi mliupataje, na ni kosa gani lililowachukua muda mrefu zaidi kuliacha? Naomba tuseme yale tuliyoyafanya kwa mikono yetu.

Mchangiaji, Buguruni

Mimi niliupata jikoni. Nilianza na mkaa wa kupikia, vile vipande vidogo vinavyobaki chini ya gunia, na taabu yake ni kwamba kipande kimoja kinaandika vizuri na kingine kinaikwaruza karatasi. Lakini nilipenda kwamba weusi wa mkaa hauna mng'ao. Grafiti, hata hiyo 6B yako, ukiisimamisha karibu na dirisha, sehemu uliyoikoleza zaidi ndiyo inayometameta kama sufuria.

Kwa hiyo nikaamua kuchoma mkaa wangu. Nakata vijiti vikavu vyenye unene wa kalamu, navibambua magome, navipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, natoboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko, kisha nalifukia kopo katika makaa mama akishamaliza kupika. Moshi hutokea kwenye lile tundu; ukikoma, naliondoa kopo, na silifungui mpaka lipoe kabisa, kwa sababu hewa ikivikuta vijiti vikiwa bado vya moto vinashika na kuwa majivu. Kopo la kwanza nililifungua mapema, nikapata majivu na kidole kilichoungua.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa la usafirishaji. Mkaa haung'ang'anii karatasi. Nilichora bwana harusi, nikaukunja mchoro ndani ya gazeti, nikapanda daladala kwenda Ubungo saa ya watu kutoka kazini, na nilipoufungua mbele ya mteja nusu ya bwana harusi alikuwa amehamia ukurasa wa michezo. Tangu hapo napulizia dawa ya nywele ya saluni, kwa mbali, safu nyepesi tatu au nne, nikisubiri kila moja ikauke. Kwa kazi ya kulipwa siitegemei, maana dawa hiyo huweza kuigeuza karatasi kuwa ya manjano miaka ikipita. Naweka fremu ya kioo, na pembezoni natia vipande vya kadibodi ili kioo kisiuguse mkaa.

Wanaodharau vifaa vya namna hii wakumbuke kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na picha za mtindo wake bado zinauzwa Oysterbay zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake mwaka 1972. Yeye anajulikana zaidi kwa wanyama kuliko sura za watu, lakini hoja yangu ni ya vifaa.

Mchangiaji, Kigamboni

Kaka wa Buguruni, bwana harusi wako ameniliza kwa kicheko. Nami msinicheke, kwa sababu weusi wangu wa kwanza ulikuwa penseli ya wanja. Nilikuwa na HB ya mdogo wangu wa shule ya msingi na wanja wangu mwenyewe, nikaona huu unakoza mara moja, nikachora nao nywele na nyusi za shangazi. Ulipendeza kwa siku hiyo. Baadaye nikagundua kwamba wanja una mafuta na nta, hivyo haufutiki, na penseli ya kawaida ukiipitisha juu yake inateleza bila kuacha alama. Na joto letu la Machi lilipokaza, ulianza kulainika na kuchafua kila ulichogusana nacho. Ule mchoro wa shangazi ninao. Nyuma yake karatasi imetota mafuta kama iliyofungiwa maandazi.

Sasa natumia 4B, na vivuli navilainisha kwa vijiti vya pamba vya masikioni badala ya kidole. Kidole kina jasho, na jasho linaacha madoa ambayo hayaonekani mpaka utie kivuli juu yake. Chini ya kiganja naweka karatasi safi ya ziada kila ninapochora.

Mchangiaji, Sinza

Mmesahau karatasi. Karatasi ya rimu ya gramu 80 ni laini mno. Baada ya safu mbili au tatu haipokei tena, hata umpe 8B. Badala ya kununua penseli ya tatu, nunua manila moja, uikate vipande vinne. Uso wake una ukwaru kidogo unaoishika grafiti.

Mchangiaji, Gongo la Mboto

Mimi nilikata tamaa na penseli kabisa nikahamia kwenye peni nyeusi ya kawaida. Haina laini wala ngumu. Ina mstari mmoja tu, na weusi unaupata kwa kuisogeza mistari karibu na kuipitanisha. Mwalimu wangu alikuwa noti ya shilingi elfu moja. Itazameni sura ya Mwalimu Nyerere kwa kioo cha kukuzia: hakuna mahali palipopakwa kivuli, yote ni mistari na nukta, ambayo kwenye shavu inafuata mviringo wa shavu na kwenye paji inafuata paji. Nilikaa na noti hiyo karibu miezi miwili, nikijinyima kuitumia, nikinakili kipande kimoja kimoja kwa ukubwa wa kiganja: leo jicho, kesho sikio.

Peni haifutiki, na hilo ndilo lililonitibu ile haraka niliyokuwa nayo. Mwanga inabidi uukwepe tangu mwanzo, kwa sababu ukishaufunika hakuna wa kukurudishia. Napenda kuongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Picha nyingi ambazo wateja hututumia zimekwisha kuchubuliwa na simu kabla hazijatufikia: kamera inalainisha na kung'arisha ngozi yenyewe, na taa yake, ikipiga usoni moja kwa moja, inafuta vivuli vyote. Hapo hata ukiwa na mkaa wa dunia nzima utachora ulichopewa. Mimi humwomba mteja asimame kando ya mlango asubuhi, mwanga umpige upande mmoja, azime taa na urembo wa kamera, ndipo apigwe picha.

Mwanzisha mada, Mbagala

Ahsanteni sana. Ndugu wa Gongo la Mboto amenifumbua macho, kwa maana mimi nilikuwa nikiilaumu 6B kwa picha ambazo tayari zilikuwa na kasoro. Juzi nilimwomba yule mama wa vitumbua akae tena, mlangoni kwake, saa moja asubuhi kabla moshi haujakolea, nikatumia manila kama alivyoelekeza ndugu wa Sinza, na weusi wa nywele na wa shingoni nikautia kwa mkaa wa kopo. Ameipokea. Rangi amesema ni yake. Ila ameuliza kwa nini nimemchora amefunga mdomo, ilhali kila mtu anajua kwamba uzuri wake uko kwenye mwanya, kwa hiyo Jumamosi narudi na kifutio.